Volti Zipo, Umeme Haupo: Uchambuzi wa Kisa cha Mfumo wa Sola Uliodhoofika

Usuli

Kisa hiki kinahusu kituo kidogo cha afya ambacho umeme wake wote ulitoka juani. Majina, mahali na tarehe vimeondolewa, na mambo machache yasiyogusa ufundi yamebadilishwa ili wahusika wasijulikane. Vipimo ni vile alivyoviandika fundi wa pili, ambaye tutamfikia.

Mfumo wenyewe ulikuwa wa kawaida. Paneli 4 za silikoni, kila moja ya wati 100 na yenye seli 36, zilifungwa mbilimbili: paneli mbili kwa mfululizo zikafanya mnyororo mmoja, kisha minyororo miwili ikaunganishwa sambamba. Kazi yake ilikuwa kuchaji betri za risasi na asidi za volti 24, ampea-saa 200. Kati ya paneli na betri palikuwa na kontrola, kifaa kinachosimamia uchaji wa betri, ya aina ya PWM. Mizigo ilikuwa friji ndogo ya chanjo, taa za vyumba, kompyuta moja na simu za wafanyakazi, jumla wati-saa 1,100 hivi kwa siku.

Karatasi ya hesabu ya mwanzo ilikuwa bado ipo, na haikuwa na kosa. Mahali pale hupata jua linalolingana na saa 5 za jua kamili kwa siku, yaani wati 1,000 kwa kila mita ya mraba kwa saa 5. Kwa wati 400 mtu angetaja haraka wati-saa 2,000. Aliyepiga hesabu hakudanganyika. Alijua kwamba kontrola ya PWM huivuta paneli ifanye kazi kwa volti za betri, si kwa volti ambazo paneli ingezipenda, na kwamba betri nayo hula sehemu ya kile inachopewa. Akabakiwa na wati-saa 1,200 hivi zinazofika kwenye mizigo. Ziada ilikuwa ndogo, lakini ilikuwepo.

Paneli zilipigwa misumari ya skrubu moja kwa moja juu ya bati, bila nafasi chini yake. Sababu zilizotolewa ni mbili: upepo usizinyanyue, na bati lizisaidie kwa joto. Sababu ya kwanza ina maana yake. Ya pili tutairudia.

Mambo yalivyofuatana

Mfumo ulikaa muda mrefu bila shida. Kisha jiwe lilipiga kioo cha paneli moja, kikajaa nyufa. Ikaondolewa, na kuiondoa lilikuwa jambo la busara, kwa sababu kioo kilichopasuka huingiza unyevu hadi kwenye seli na viunganishi, na unyevu penye umeme wa moja kwa moja ni hatari. Mahali pake pakawekwa paneli iliyokuwa stoo, ya wati 50. Kijana aliyeifunga alikuwa na ujuzi wa nyaya za majumbani. Aligeuza paneli zote mbili, akasoma lebo za nyuma: moja volti 18, nyingine volti 18. Akazipima kwa multimita kabla ya kuzifunga, zikalingana. Kwa mujibu wa alichokijua, kazi ilikuwa imekwisha vizuri.

Siku zilezile, upande wa machweo wa jengo, kulisimamishwa mnara wa tangi la maji. Hakuna aliyeuhusisha na umeme. Kwa nini amhusishe fundi wa maji na sola?

Wiki kadhaa baadaye taa zikaanza kuzimika kabla ya alfajiri. Mwanzoni ni usiku mmoja mmoja, kisha ikawa mazoea. Mkuu wa kituo, muuguzi wa miaka mingi, alimwita kijana yule apime. Alipanda juu mchana, akachomoa waya, akapima, akashuka na jibu ambalo lingerudiwa mara nyingi: "Sista, volti zipo." Taa ya kijani kwenye kontrola nayo ilikuwa inawaka.

Ikiwa volti zipo na taa ya kijani inawaka, basi ubaya uko kwenye betri. Hivyo ndivyo walivyoamua, na si uamuzi wa kijinga: betri za risasi huchoka mapema kuliko kitu kingine chochote kwenye mfumo wa sola, na asubuhi zilikuwa zikisoma volti 23.6, chini kabisa. Zikanunuliwa mpya. Taa zikawaka hadi asubuhi, friji ikatulia, watu wakapeana mikono.

Wiki ya pili haijaisha sawasawa, giza likarudi. Asubuhi moja kipimajoto cha friji kilikutwa juu ya nyuzi 8, na chanjo nyingi hutakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8. Mkuu wa kituo hakusubiri maelezo. Alihamishia chanjo kituo kingine siku hiyohiyo, akaandika taarifa, akakataza friji isitumike tena mpaka atakapopata jibu lenye namba. Ndipo akaletwa fundi wa pili.

Kinachotokea ndani ya kioo

Ili vipimo vyake vieleweke, inabidi tuingie kidogo ndani ya paneli.

Seli ya sola ni kipande chembamba cha silikoni, unene wake chini ya robo ya milimita. Upande mmoja umechanganywa na fosforasi kidogo, ambayo huacha elektroni za ziada. Upande mwingine umechanganywa na boroni, ambayo huacha nafasi zilizokosa elektroni. Pande hizo zinapokutana, elektroni chache huvuka kujaza nafasi, na uvukaji huo huacha kwenye mpaka uga wa umeme unaosukuma daima upande mmoja. Mpaka huo ndio moyo wa kitu chote. Mwaka 1940 Russell Ohl wa Bell Labs, Marekani, aliona kipande cha silikoni chenye ufa kikitoa umeme kila kilipomulikwa. Siri ilikuwa kwamba silikoni ya upande mmoja wa kipande kile haikuwa sawa na ya upande wa pili. Miaka 14 baadaye, 1954, maabara ileile ilionyesha seli ya kwanza ya silikoni yenye manufaa, iliyogeuza asilimia 6 hivi ya mwanga kuwa umeme. Paneli nyingi za leo hupita asilimia 20.

Mwanga hufika kwa vifurushi vidogo vya nishati, fotoni. Fotoni yenye nishati ya kutosha ikigonga silikoni hung'oa elektroni mahali pake, na uga wa mpakani huisukuma elektroni huko huku nafasi iliyoachwa ikisukumwa kule. Mistari myembamba ya fedha unayoiona juu ya seli ni ya kuzikusanya elektroni hizo na kuzipeleka kwenye waya. Hakuna kinachochemka wala kinachozunguka.

Fotoni isiyofikia kiwango, kama sehemu kubwa ya mwanga wa infraredi, haing'oi kitu. Yenye nishati kupita kiasi hung'oa elektroni ileile moja, na kilichozidi huwa joto. Kwa sababu hiyo seli ya silikoni, hata ikitengenezwa kwa ustadi wote, haiwezi kuvuka asilimia 29 hivi. Na kwa sababu hiyohiyo joto la paneli ni mabaki ya mwanga ulioshindwa kuwa umeme. Si chakula chake. Linapozidi linaharibu: kila nyuzi moja juu ya 25 hupunguza nguvu ya paneli ya silikoni kwa asilimia 0.3 hadi 0.45, hasa kwa kushusha volti. Lebo ya nyuma ya paneli imeandikwa kwa seli zilizo kwenye nyuzi 25, hali ambayo paneli iliyolala juu ya bati la moto haiioni mchana hata siku moja.

Sasa jambo lililowaponza watu wetu. Idadi ya elektroni zinazong'olewa, yaani ampea, hufuata wingi wa mwanga moja kwa moja: nusu ya mwanga, nusu ya ampea. Volti hazifanyi hivyo. Volti za seli zinatokana na mpaka ule wa ndani, na huchomoza hata kwa mwanga hafifu. Mwanga ukishuka hadi sehemu moja ya kumi, ampea hushuka hadi sehemu moja ya kumi, ilhali volti za paneli isiyofungwa mzigo hupungua kwa asilimia 10 hivi tu. Multimita iliyowekwa kwenye waya mbili zilizochomolewa itasoma namba nzuri alfajiri, itasoma namba nzuri kwenye mawingu, na itasoma namba nzuri kwenye paneli ya wati 50 iliyoingizwa mahali pa wati 100.

Tena seli moja hutoa nusu volti tu. Ndiyo maana zinafungwa 36 kwa mfululizo kupata volti 18 za kazi. Katika mfululizo volti hujumlika, lakini ampea hazijumliki. Ni kama watu waliojipanga kupokezana ndoo za maji: anayechoka mmoja, mstari mzima unakwenda kwa mwendo wake. Watengenezaji wanalijua hilo, kwa hiyo huweka dayodi, yaani kipitisho cha umeme cha njia moja, nyuma ya paneli, kwa kawaida mbili kwenye paneli ya seli 36, kila moja ikilinda seli 18. Kundi likizibwa na kivuli, umeme hupitia kwenye dayodi na kuliruka kundi zima. Seli inanusurika kuungua, lakini volti za kundi hilo zinapotea.

Vipimo vya siku moja

Fundi wa pili alikuja na mita ya kubana waya inayosoma umeme wa moja kwa moja, akaomba jambo moja: siku isiyo na mawingu, na kukaa hapo tangu saa 5 asubuhi hadi jioni. Ombi la kukaa hadi jioni liliwashangaza kidogo.

Karibu na saa 6 mchana alichomoa minyororo yote miwili, akapima volti. Wa kwanza, wenye paneli ndogo ndani yake, ulisoma 39.3. Wa pili 39.4. "Unaona, zipo," alisema kijana wa kituo, na alikuwa na haki ya kusema hivyo. Fundi akarudisha waya, akafungua mita, akaubana waya wa kila mnyororo kwa zamu wakati betri zinachaji. Wa kwanza: ampea 2.8. Wa pili: ampea 5.3.

Hapo jibu la kwanza lilikuwa limepatikana. Paneli ya wati 50 kwa volti 18 haiwezi kutoa zaidi ya ampea 2.8 za kazi, na ikiwa kwenye mfululizo inaikaba jirani yake ya wati 100 kwenye kiwango hichohicho. Dayodi haziwezi kuokoa hali, kwa sababu paneli ndogo ikirukwa inabaki paneli moja ya volti 18, nayo haiwezi kusukuma umeme kuingia kwenye betri iliyo juu ya volti 26. Kwa hiyo mnyororo ulibaki kufanya kazi kwa mwendo wa aliyechoka.

Akiwa bado juu, alimimina maji kidogo ya baridi kwenye paneli mbili za mnyororo wa pili, baada ya kuuchomoa tena. Namba zilipanda mbele ya macho ya kijana, 39.4, 40.1, 40.8, zikasimama 41.4. Jua halikuwa limeongezeka. Kilichobadilika ni joto la seli, ambalo kwa hesabu ya volti hizo lilikuwa karibu nyuzi 60 kabla ya maji. Ukizidisha nyuzi 35 za ziada kwa asilimia 0.4, karibu asilimia 14 ya nguvu ambayo paneli zingeweza kutoa ilikuwa inapotelea kwenye bati kila mchana. (Jaribio hili lilikuwa la kuonyesha tu. Kumwagia kioo cha moto maji baridi kila siku ni kukitafutia ufa.)

Aligundua kitu kingine alipoinama kuangalia. Kwenye seli moja ya safu ya chini ya mnyororo wa pili palikuwa na doa la kahawia, dogo kama ukucha, likifuata mstari wa fedha. Hakusema lolote. Alishuka akasubiri kivuli, kwa kuwa doa kama hilo huweza kuachwa na seli inayozibwa mara kwa mara.

Saa 8 na dakika chache kivuli cha mnara wa tangi kiligusa ukingo wa chini wa paneli moja ya mnyororo huo. Hakikuwa kivuli kikubwa, upana wa viganja viwili, na paneli iliyobaki yote ilikuwa inang'aa. Mita, ambayo aliiacha imebana waya, ilishuka kutoka ampea 4.9 hadi 0.8.

Kijana aliuliza kama mita imeharibika. Fundi alimwonyesha jinsi seli zilivyopangwa: safu nne za wima, seli 9 kila safu, safu mbili kwa kila dayodi. Paneli ilikuwa imesimamishwa kwa urefu, kwa hiyo kivuli kilichopanda kutoka chini kiligusa safu zote nne kwa pamoja. Makundi yote mawili yakazibwa, na dayodi hazikuweza kuokoa hali: zikifungua njia, paneli inatoweka kiumeme ingawa inaonekana, na mwenzake anabaki na volti zake pungufu ya 18 zisizoweza kuingia popote. Zile ampea 0.8 zilikuwa za mwanga uliotawanyika angani, ambao hufika hata kivulini.

Maamuzi ya marekebisho na sababu zake

Paneli ndogo ilitolewa kwenye mnyororo. Haikutupwa, ilipewa betri yake ndogo ya volti 12 na kontrola yake, ikachaji simu, kazi ambayo hapo awali ilibebeshwa betri kubwa. Mahali pake palitakiwa paneli ya wati 100, ikapatikana ya wati 110 yenye ampea 5.9. Wapo waliosita kwa kuwa wati hazilingani. Fundi alieleza kwamba kwenye mfululizo kinachotazamwa ni ampea, na 5.9 kando ya 5.6 haina hasara ya kusemwa. Kwenye usambamba kinachotazamwa ni volti. Laiti maneno hayo mawili yangebandikwa kwenye kila sanduku la kontrola.

Kuhusu kivuli, pendekezo la kwanza lilikuwa kuilaza paneli kwa upana, ili kivuli kiguse safu mbili badala ya nne na kundi moja libaki hai. Ni mbinu nzuri, na kwenye mifumo mingine ingetosha. Hapa aliikataa. Kundi moja likirukwa, mnyororo unabaki na paneli moja na nusu, yaani volti 27 kwenye lebo, na kwa joto lile ni kama volti 24. Betri inayochaji inataka zaidi ya 26. Kwa kontrola ya PWM mabaki yangekuwa haba mno, tena saa za alasiri ambapo betri inakaribia kujaa na volti zake ziko juu zaidi. Akaamua paneli mbili zihamishiwe ncha nyingine ya paa. Waya ulirefuka, mita 15 kwenda na 15 kurudi. Kwa waya wa milimita za mraba 2.5 zingepotea volti zaidi ya 1 njiani, akatumia wa 6.

Paneli zote zilinyanyuliwa kwa vyuma, nafasi ya kiganja kilichonyooshwa kati ya bati na mgongo wa paneli, upepo upite chini. Hofu ya awali ya upepo haikupuuzwa: vyuma vilifungwa kwenye mbao za paa, si kwenye bati peke yake.

Lilizungumzwa pia suala la kubadili kontrola iwe ya MPPT, ile inayoiacha paneli ifanye kazi kwa volti inazopenda na kuzigeuza volti za ziada kuwa ampea. Ingeongeza mavuno. Waliahirisha, na naunga mkono. MPPT ingewekwa siku ile taa zilipoanza kuzimika, ingeboresha namba kiasi na kuficha ugonjwa. Ingebaki imefungwa kwenye mnyororo uliokabwa na mwingine unaokufa kila alasiri.

Matokeo

Adhuhuri ya kwanza yenye jua baada ya kazi, minyororo ilisoma ampea 5.4 na 5.3. Alasiri, saa ambayo zamani kivuli kingeshagusa, ilishuka taratibu pamoja na jua, bila kuporomoka. Siku za wazi betri zilianza kufika volti 28.8, kiwango cha kujaa, ambacho kumbukumbu ya kontrola ilionyesha kilikuwa hakijafikiwa kwa muda mrefu. Asubuhi zilisoma volti 25 na kidogo. Friji ilijaribiwa ikiwa tupu kwanza, kipimajoto kikiandikwa asubuhi na jioni, kabla mkuu wa kituo hajaruhusu chanjo zirudi.

Uchambuzi

Tuanze na hesabu, kwa sababu inaeleza kwa nini kila mtu alidanganyika. Mfumo mzima ulipokuwa mzima ulifikisha wati-saa 1,200 kwenye mizigo ya 1,100. Paneli ndogo ilipoingia, mavuno yalishuka hadi 900 hivi. Mnara wa tangi ulipoongezeka, yalishuka hadi 750. Pengo likawa wati-saa 350 kwa siku. Betri za kituo zilibeba wati-saa 4,800 zikiwa zimejaa. Gawanya, utapata wiki mbili.

Wiki mbili hizo ndizo "kupona" kulikosherehekewa. Betri mpya zilikuja zikiwa na chaji, kituo kikazila taratibu, na siku akiba ilipoisha ugonjwa ulionekana kama umerudi. Haukuwa umeondoka. Ucheleweshaji huo ndio uliokata uhusiano kati ya chanzo na dalili hata mara ya kwanza: paneli ilibadilishwa wiki kadhaa kabla ya usiku wa kwanza wa giza, na nani atakumbuka jiwe la mwezi uliopita? Kwenye mfumo wenye betri, swali la "nini kimebadilika jana" halisaidii. Ulizeni nini kimebadilika tangu mara ya mwisho betri kujaa.

Betri za zamani zilikuwa zimechoka kweli, hilo lisemwe. Lakini zilichoshwa. Betri ya risasi isiyojazwa hujenga fuwele ngumu za salfeti ya risasi kwenye sahani zake, na kila siku ya njaa huziongeza. Kuzibadilisha kabla ya kupima paneli kulikuwa kuzileta betri mpya kwenye njaa ileile.

Je, kijana aliyefunga paneli ya wati 50 alaumiwe? Sioni hivyo. Alipima, na alipima kabla ya kufunga, jambo ambalo wengi hawalifanyi. Tatizo ni kwamba kipimo cha volti bila mzigo ni rahisi, ni salama na hutoa namba yenye kutuliza, kwa hiyo ndicho kinachofundishwa kwanza na mara nyingi ndicho pekee. Kinaweza kukuambia waya umekatika au paneli imefungwa kinyume. Hakiwezi kukuambia paneli inafanya kazi. Kwa hilo unahitaji ampea, zikiwa zinaingia kwenye betri yenye njaa, na unahitaji kujua jua lilikuwaje wakati huo. Taa ya kijani nayo ilisema kweli: kulikuwa na umeme unaoingia. Haikuulizwa ni kiasi gani.

Wazo la joto lilikuwa na madhara yake peke yake. Lilifanya paneli zilazwe juu ya bati, na likafanya saa za mchana wa moto zionekane kuwa ndizo bora bila shaka. Kwa kweli paneli hufurahia jua kali lenye upepo wa baridi. Asilimia 14 zilizopotea hazikuwa chanzo cha giza, maana zilipotea tangu siku ya kwanza na hesabu ya mwanzo iliziacha zipite humo. Tena joto hushusha hasa volti, na kontrola ya PWM ilikuwa tayari haizitumii volti za ziada, kwa hiyo sehemu kubwa ya hasara hiyo haikugusa ampea zilizofika kwenye betri. 

Lililofanyika vizuri kuliko yote halikuwa la kiufundi. Mkuu wa kituo alihamisha chanjo kabla ya kujua ubaya uko wapi, kisha akakataa jibu lisilo na namba. Kukataa huko ndiko kulikomleta mtu mwenye mita ya ampea. Na fundi yule alikaa siku nzima. Angekuja saa 6 na kuondoka saa 7, angeikuta paneli ndogo, angeibadilisha, na mnyororo wa pili ungeendelea kuzimika kila alasiri. Kituo kingeona nafuu kubwa, pengo lingeshuka kutoka 350 hadi kama 50 kwa siku, na betri zingechukua miezi kadhaa kukauka tena.

Kilichoshindikana na bado hakijarekebishwa ni kumbukumbu. Ampea za adhuhuri na za alasiri sasa zinaandikwa kwenye daftari la friji, kwa sababu daftari hilo lilishakuwa na mtu wa kuliandika kila siku. Ila anayejenga kitu karibu na jengo hadi leo haulizwi kivuli chake kitaangukia wapi, na betri mpya zilishakaa wiki kadhaa zikiwa nusu tupu kabla ya mfumo kutengemaa. Fundi alizichaji kwa kiwango cha juu kwa uangalizi ili kuyeyusha sehemu ya salfeti. Sehemu nyingine haitarudi, na kituo kimeambiwa kisitegemee betri hizo zifikishe umri ulioandikwa kwenye karatasi yake.